Kuanza Upya kwa Udalali wa Nyumba: Mwongozo kwa Aliyepatwa na Msukosuko

Wengi wanaoingia kwenye udalali wa nyumba hawakuupanga. Wameletwa na jambo. Kampuni imepunguza watu, mume amefariki, ndoa imevunjika, duka limeungua, au ugonjwa umekula mtaji wote. Udalali unawapokea kwa sababu hauulizi cheti, hauangalii umri, na mtaji wake ni simu, nauli na miguu inayoweza kutembea juani. Hapo hapo ndipo ilipo hatari. Aliyepatwa na shida anaingia na haraka, na haraka ndiyo inayowapotezea madalali majina yao. Anachukua kodi ya mpangaji "aipeleke" kwa mwenye nyumba, mtoto anaumwa usiku huo, hela inapungua. Au anauza kiwanja ambacho hajakikagua kwa sababu asilimia yake ingelipa ada ya shule.

Kwa hiyo mwongozo huu unaanza nyumbani kwako, kabla ya nyumba za watu. Umeandikwa kwa msomaji wa Tanzania Bara, hasa wa mjini. Zanzibar ina sheria zake za ardhi. Kenya nako, kazi hii inatawaliwa na Sheria ya Maajenti wa Nyumba, Sura ya 533, na kuifanya bila kusajiliwa na bodi husika ni kosa.

Kwanza: dai haki zako kabla ya kutafuta wateja

Sababu ni nyepesi. Dalali analipwa biashara ikifungwa, si akifanya kazi. Unaweza kuzungusha wateja wiki tatu usipate kitu, kisha ukapata mara mbili ndani ya siku moja. Mtu asiye na chakula cha kesho hawezi kuzistahimili wiki hizo tatu bila kudanganya mtu. Basi kusanya kwanza kilicho chako.

*Kama umeachishwa kazi.* Uliza NSSF kuhusu fao la kukosa ajira. Ni asilimia 33.3 ya mshahara, kwa muda usiozidi miezi 6, kwa mwanachama aliyechangia angalau miezi 18 na ambaye hakuacha kazi kwa hiari yake. Na kama unaamini uliachishwa isivyo halali, mgogoro unafikishwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA) ndani ya siku 30 tangu siku ya kuachishwa. Watu wengi hupoteza haki hii kwa sababu siku hizo 30 wanazimaliza wakisubiri bosi abadili mawazo.

*Kama umefiwa.* Fuatilia mafao ya warithi kwenye mfuko aliokuwa akichangia marehemu, na fungua mirathi mahakamani. Usikubali kusukumwa kuuza nyumba ya familia ndani ya miezi ya mwanzo. Kama uko kwenye eda, miezi minne na siku kumi inatosha kusoma karatasi za ardhi na kuzielewa kuliko madalali wengi wa kijiweni.

*Kama ndoa imevunjika.* Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaipa mahakama mamlaka ya kugawa mali mliyochuma pamoja. Pata ushauri wa kisheria kabla ya kusaini makubaliano yoyote ya "tuyamalize kifamilia".

Na kwa wote: usianze udalali kwa mkopo wa kausha damu. Riba ya kila wiki haisubiri mteja aamue. Ni afadhali uuze maandazi asubuhi na uzungushe wateja kuanzia saa nne. Kipato kidogo cha kila siku ndicho kitakachokupa nguvu ya kumwambia mteja, "Kiwanja hiki usinunue."

Fanya hesabu bila kujipendelea

Mazoea ya mjini ni kwamba dalali wa nyumba ya kupanga analipwa kodi ya mwezi mmoja, na mara nyingi anayelipa ni mpangaji. Kwenye viwanja ni asilimia ya bei, kwa makubaliano.

Tuchukulie umempangisha mtu chumba na sebule kwa shilingi 150,000 kwa mwezi. Nyumba uliipata kwa dalali mwenzako, kwa hiyo mnagawana: 75,000 kila mmoja. Ondoa bodaboda, vocha na bando ulizotumia kwa mteja huyo na kwa wengine wanne walioishia kusema "nitakupigia". Ukibakiwa na 50,000 umefanya vizuri. Sasa jiulize unahitaji biashara ngapi za namna hiyo kwa mwezi ili kodi yako mwenyewe na chakula vilipwe. Andika jibu kwenye daftari. Likikutisha, usiikimbie kazi, ila usiache shughuli ndogo inayokuingizia chochote.

Wapo wanaotoza hela ya kupelekwa kuona nyumba hata kama mteja hakupata. Ukiamua kutoza, itaje kwenye simu kabla mtu hajapanda daladala kuja. Maoni yangu ni kwamba anayeanza asitoze. Hela hiyo imewajengea madalali wote sifa ya kuzungusha watu kwenye nyumba zilizokwisha kupangishwa, na wewe unalihitaji jina zaidi ya ada hiyo.

Uhalali wa kazi yenyewe

Dalali wa barabarani na dalali mwenye ofisi wanatenganishwa na karatasi chache:

1. TIN kutoka TRA. Hutolewa bure, hivyo usimlipe mtu wa kati.
2. Jina la biashara kutoka BRELA, ukiamua kutumia jina lisilo lako.
3. Leseni ya biashara kutoka halmashauri yako. Uliza pale pale kundi la leseni yako na ada yake.
4. Daftari la risiti au mfumo wa risiti utakaoelekezwa na TRA.

Julai 2025 Serikali ilitoa amri inayowazuia wasio raia kufanya biashara kadhaa, na udalali na uwakala wa nyumba na ardhi umo. Raia anayewasaidia kuikwepa naye anaadhibiwa. Ukifuatwa na mtu anayetaka leseni iandikwe jina lako ili yeye afanye biashara, kataa.

Jihadhari pia na kujiita mthamini. Ukiulizwa "hii nyumba ina thamani gani?", unaweza kusema nyumba za jirani zimeuzwa kwa bei gani. Kutoa ripoti ya thamani ni kazi ya wathamini waliosajiliwa chini ya sheria ya mwaka 2016. Ukitaka kufika huko siku moja, Chuo Kikuu Ardhi na vyuo vya ardhi vya Tabora na Morogoro vipo.

Chagua mitaa michache uijue kabisa

Usitangaze "Dar yote". Aliyeko Tabata anayeahidi nyumba Mbagala, Goba na Kigamboni anaishia kutegemea mizigo ya madalali wengine, na hawezi kujibu swali moja la maana. Mteja anaulizia mambo ya kawaida sana: maji yanatoka siku zipi, LUKU ni yako peke yako au mnachangia, mvua ikinyesha gari inafika mlangoni, choo ni cha ndani au cha nje, mwenye nyumba anaishi humo humo, wapangaji wangapi wametoka mwaka huu na kwa nini. Dalali anayejibu hayo bila kupiga simu ndiye mteja atakayemrudia.

Tembea mtaa kwa mtaa. Jitambulishe kwa mjumbe na ofisi ya serikali ya mtaa. Kaa na mwenye duka la kona, mama ntilie, fundi bomba na bodaboda wa kituoni, maana hao ndio wanaojua nani anahama kabla hata ya mwenye nyumba. Ukipata biashara kwa taarifa yao, wape chochote. Kijiweni kwa madalali wenzako nenda kwa heshima: waliokutangulia wanaweza kukufungia mtaa mzima.

Kwa mwenye nyumba, usianze na biashara. Anza na kujulikana:

"Shikamoo baba. Naitwa fulani, nakaa hapa mtaa wa pili, nyuma ya msikiti. Nimeanza kazi ya kutafutia watu nyumba. Sijaja kukuomba chumba leo. Nimekuja unifahamu, na kama siku moja utapata nafasi, mimi namleta mtu nikiwa nimeshamuuliza anafanya kazi wapi na wako wangapi. Kodi utapokea mwenyewe mkononi mwako."

Sentensi ya mwisho ndiyo inayofungua milango. Wenye nyumba wengi wameumizwa na dalali aliyewaambia laki mbili huku mpangaji akitozwa laki mbili na nusu. Hicho cha juu, kisichojulikana na upande mmoja, hugundulika siku mpangaji na mwenye nyumba wanapokaa pamoja kuzungumza, na lazima watakaa.

Hatua za kumpangisha mteja

1. Msikilize kwanza. Bajeti yake, miezi anayoweza kulipa kwa mkupuo, idadi ya watu, anapofanyia kazi. Mwenye bajeti ya miezi mitatu usimpeleke kwa mwenye nyumba anayetaka miezi sita ukitumaini watapatana.

2. Hakikisha nyumba ipo leo. Piga simu asubuhi ya siku mnayokwenda.

3. Hakikisha anayepangisha ana haki ya kupangisha. Yupo mpangaji anayejifanya mwenye nyumba, anachukua kodi za watu watatu kisha anatoweka. Waulize majirani na mjumbe. Kama anayepangisha ni msimamizi, ongea na mwenyewe hata kwa simu ya video.

4. Piga picha kwa ruhusa, bila vitu wala sura za wapangaji waliomo. Weka picha halisi, ukuta wenye unyevu ukiwamo. Anayekuja akiwa ameshauona ukuta huo hatakulaumu.

5. Onyesha nyumba mbili au tatu, si kumi. Mteja aliyechoka haamui.

6. Kabla ya kulipa, wakutanishe mbele yako wayamalize: kodi, muda, maji, taka, nani anatengeneza bomba likipasuka. Wataje pia kodi ya jengo. Tangu 2021 inakatwa kupitia LUKU, wakati mzigo wake ni wa mwenye nyumba. Wasipokubaliana mapema namna ya kuifidia, itazua ugomvi.

7. Mkataba uandikwe, nakala mbili, na mpangaji alipe moja kwa moja kwa mwenye nyumba. Wewe unalipwa chako peke yake, kwa risiti.

Hatua ya saba haina msamaha. Kodi ya mtu isipite kwenye simu yako hata kwa dakika tano, hata mwenye nyumba akisema anakuamini. Sababu si kwamba wewe ni mwizi. Ni kwamba una shida, na mtu mwenye shida hafai kujiwekea majaribu mfukoni.

> KISANDUKU: USALAMA WAKO, HASA KAMA NI MWANAMKE
> - Mteja mpya mkutane kwanza mahali pa watu: kituoni, dukani, ofisi ya mtaa.
> - Mtumie ndugu jina na namba ya mteja, mahali mnapokwenda na saa ya kurudi.
> - Ndani ya nyumba tupu, mteja atangulie. Wewe baki karibu na mlango ulio wazi.
> - Usionyeshe nyumba baada ya jua kuzama. Nyumba itakuwepo kesho.
> - Mteja akianza kuuliza habari zako za ujane au talaka kuliko habari za nyumba, funga safari hapo hapo.

Viwanja: usiviguse mpaka uwe umeiva

Hela ya viwanja ni kubwa, na ndiyo inayomvuta mtu mwenye madeni. Lakini ukikosea kwenye chumba cha kupanga umepoteza mteja, na ukikosea kwenye kiwanja umepoteza jasho la miaka ishirini la mtu mwingine, na huenda ukajibu polisi. Kujipatia fedha kwa udanganyifu ni jinai, na utetezi wa "mimi nilikuwa dalali tu" ni dhaifu sana. Fanya upangishaji mpaka uzoee, kisha umfuate dalali mwaminifu umsaidie kwenye mauzo kadhaa kabla ya kusimama mwenyewe.

Ardhi yote Tanzania ni ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake. Kinachouzwa ni haki ya kuitumia, na haki hiyo ina sura tofauti. Ipo hati miliki ya miaka 33, 66 au 99. Ipo barua ya toleo, wengi huiita ofa, inayotangulia hati. Ipo leseni ya makazi, ya muda mfupi, kwenye maeneo ambayo hayakupangwa. Vijijini ipo hati ya hakimiliki ya kimila. Na kwa wingi mkubwa pembezoni mwa miji kuna karatasi ya mauziano tu: kiwanja cha hatua 20 kwa 20, mashahidi wanne na muhuri wa mtaa. Karatasi hiyo si hati. Mwambie mnunuzi hivyo kwa maneno hayo hayo.

Ukaguzi wa kiwanja uwe na mpangilio huu:

☐ Mwenyewe ni nani? Chenye hati, omba upekuzi rasmi kwa Msajili wa Hati. Utaonyesha jina la mmiliki, kama kuna rehani ya benki, na kama kuna zuio. Linganisha jina na kitambulisho cha NIDA cha muuzaji.

☐ Mwenza wake amekubali? Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa kinakataza kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzi. Mkutane naye ana kwa ana. Mume akisema mkewe "yuko safari", subiri arudi. Uliyewahi kuachwa au kufiwa unajua kwa nini sheria hii ipo.

☐ Ni mali ya marehemu? Anayeuza awe msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, mwenye barua mkononi. Mtoto mkubwa wa marehemu, au baba mdogo anayetambulika na ukoo mzima, si msimamizi kwa sababu hiyo tu. Omba kuwaona warithi wengine.

☐ Kiko wapi kwenye ramani? Nenda idara ya mipango miji ya halmashauri. Eneo linaweza kuwa la shule, la wazi au la makaburi. Kwenye kiwanja kilichopimwa, tafuta mawe ya mipaka ukiwa na mpima ardhi, na hakikisha namba ya kiwanja na kitalu ni ile iliyo kwenye karatasi.

☐ Barabara na maji. Sheria ya Barabara ya 2007 iliongeza hifadhi ya barabara kuu na za mkoa hadi mita 30 kila upande kutoka katikati. Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mto, ziwa au bahari. Waliovunjiwa bonde la Msimbazi mwishoni mwa 2015, na kandokando ya Barabara ya Morogoro kuanzia Kimara mwaka 2017, wapo waliokuwa wamenunua kwa watu. Huenda dalali fulani aliwapeleka.

☐ Kijijini? Uhamisho wa ardhi ya kijiji unahitaji idhini ya Halmashauri ya Kijiji, si sahihi ya mwenyekiti peke yake.

☐ Mnunuzi si raia? Hata kama ni mzaliwa wa hapa aliyechukua uraia wa nje, utaratibu wake ni tofauti. Mpeleke kwa wakili kabla hajatoa shilingi.

☐ Majirani wa pande zote nne wanaijua mipaka na hawana kesi.

Baada ya hapo, mkataba uandaliwe na wakili. Sheria ya Ardhi inataka mauziano yawe kwa maandishi, na maneno ya mdomo hayadaiwi mahakamani. Malipo yapite benki kwenda kwa muuzaji. Mkumbushe muuzaji kodi ya ongezeko la mtaji mapema, maana uhamisho hausajiliwi bila kibali cha TRA. Mauzo mengi huvunjika dakika ya mwisho kwa sababu hakuna aliyeitaja. Mnunuzi akija na mfuko wa fedha taslimu na hataki jina lake liandikwe, jitoe. Sheria ya Kudhibiti Fedha Haramu ya 2006 inawahusu mawakala wa nyumba na ardhi moja kwa moja.

Asilimia yako nayo iandikwe kabla hujaonyesha kiwanja: ni kiasi gani, nani analipa, lini. Karatasi ya nusu ukurasa yenye sahihi ya muuzaji inatosha. Bila hiyo utarukwa: mnunuzi na muuzaji watabadilishana namba mbele yako, wamalizane Jumapili bila wewe, na hutakuwa na cha kuonyesha mahali popote.

Makosa ya wanaoanza

Kusimulia shida zako kwa mteja ni la kwanza. Anakuhurumia, kisha anaanza kuogopa kukupa hela yake. Shida zako zina watu wake: ndugu, shoga yako wa kikoba, kiongozi wako wa dini.

Kusema "kuna mtu mwingine anaitaka, lipia leo" wakati hayupo. Kutangaza nyumba iliyokwisha kupangishwa ili simu ziingie. Kuficha kwamba jirani ni baa au gereji. Kumkatia simu mteja aliyekwisha kulipa.

Kufufua hasira kwenye kazi nalo ni kosa, ingawa halisemwi. Mjane aliyenyang'anywa nyumba na mashemeji akikuta mauzo ya mirathi anaweza kuchukua upande kabla hajaona karatasi. Kazi yako pale ni kuuliza nyaraka kwa kila mtu, anayekufanana na asiyekufanana.

Siku hela ya kwanza inapoingia

Igawe kabla haijalala. Sehemu ya nauli na bando za wiki mbili zijazo, sehemu ya chakula, sehemu ya deni lililo karibu kuiva, na sehemu ya akiba kwenye kikoba au benki isiyoguswa. Kodi ya serikali itenge pembeni papo hapo. Mwandike mteja kwenye daftari: jina, nyumba, tarehe, siku mkataba wake unapoisha.

Baada ya wiki moja mpigie mpangaji. "Habari za huko, dada? Maji yanatoka? Ile taa ya uani walikuja kuirekebisha?" Kama haijarekebishwa, mpigie mwenye nyumba. Mwezi mmoja kabla mkataba haujaisha, wapigie wote wawili uwaulize wamepanga nini. Atakayehama atahitaji nyumba, na chumba atakachokiacha kitahitaji mtu.